Bwana Sørensen na Herufi Zake Mbili

Mhariri wetu alipotuomba tuandike maisha ya watu mashuhuri waliokwisha kufa, wenzangu wengi walikimbilia wafalme, majemadari na mabaharia. Mimi nimemchagua mtu aliyekaa miaka 37 katika maabara iliyoanzishwa na mwenye kiwanda cha bia, akipima uchachu wa maji ndani ya vichupa vidogo. Huenda jina lake hamlijui. Lakini herufi zake mbili, pH, mmeziona katika kila kitabu cha kemia, na hata juu ya chupa za sabuni ya nywele.

Kabla sijaanza habari zake, yanipasa kuungama kosa langu, kwa maana ndilo lililonifanya nimtafute bwana huyu vitabuni.

Nilipomaliza mtihani wa Kidato cha Nne nilirudi kwetu Njombe. Bwana shamba alikuwa amepeleka udongo wa shamba letu kupimwa, na karatasi ilirudi ikisema pH ni 4.8. Akamshauri baba atie chokaa mpaka ifike 5.8 ndipo mahindi yastawi. Baba akaniuliza mimi msomi wa nyumba, je, tofauti hiyo ni kubwa? Mimi nilikuwa najua rangi tu: karatasi ikiwa nyekundu ni asidi, ikiwa buluu ni alkali, na namba zaanza 0 mpaka 14. Nikamjibu kwa majivuno kwamba kutoka 4.8 mpaka 5.8 ni hatua moja tu katika hatua kumi na nne, jambo dogo. Baba akanunua magunia mawili ya kilo 50 kwa ekari nzima, kwa fedha za viazi. Mahindi yalitoka mafupi, majani yakawa na rangi ya zambarau, na mavuno yalikuwa magunia manne. Baba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza.

Julai nikaanza Kidato cha Tano, na wiki ya sita mwalimu wetu wa kemia akaandika ubaoni hesabu za pH. Hapo ndipo nilipojua nilichomfanyia mzee.

Sasa nianze. Søren Peter Lauritz Sørensen alizaliwa tarehe 9 Januari, 1868, katika kijiji cha Havrebjerg, kwenye kisiwa kikubwa cha Denmaki kiitwacho Sjælland. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 18 aliingia Chuo Kikuu cha Copenhagen ili asome udaktari wa kutibu watu. Huko alikutana na mwalimu wa kemia, S. M. Jørgensen, mtu aliyejulikana Ulaya nzima kwa kazi yake juu ya chumvi za madini ya kobalti, naye akamvuta kijana huyu akaacha udaktari. (Jørgensen mwenyewe alibishana miaka mingi na mwanakemia wa Uswisi, Alfred Werner, juu ya umbo la chumvi hizo. Mwishowe Werner alishinda, na mwaka 1913 akapewa tuzo ya Nobel. Lakini Werner alitumia sana vipimo vya Jørgensen, ambavyo vilikuwa sahihi kabisa. Nadhani Sørensen alijifunza jambo hapo: maelezo yaweza kuanguka, kipimo kizuri hubaki.)

Sørensen hakuwa na njia nyepesi. Alipokuwa bado anasoma alisaidia katika upimaji wa ardhi na miamba ya Denmaki, akawa msaidizi katika maabara ya chuo cha ufundi, na tangu 1892 mpaka 1901 alikuwa mshauri wa mambo ya kemia katika karakana ya meli za kivita za mfalme. Shahada yake ya udaktari wa sayansi aliipata mwaka 1899, kwa kazi juu ya chumvi za kobalti, kama mwalimu wake.

Mwaka 1901 mlango mkubwa ulifunguka. Hapana budi nieleze kidogo juu ya mlango wenyewe, maana ni wa ajabu. Mwaka 1847 tajiri mmoja wa Copenhagen aitwaye J. C. Jacobsen alijenga kiwanda cha bia, akakiita Carlsberg kwa jina la mwanawe Carl. Zamani zile watengeneza bia walifanya kazi kwa kubahatisha. Pipa moja lilitoka zuri, la pili likachacha. Jacobsen hakupenda kubahatisha. Mwaka 1875 aliunda maabara, na agizo lake lilikuwa kwamba jambo lolote la faida litakalogunduliwa humo lisifichwe, bali litangazwe kwa watu wote, hata kwa wenye viwanda wanaoshindana naye. Mimi sisifu bia katika gazeti la shule, lakini amri hiyo naisifu. Humo ndimo Emil Christian Hansen alimotenga hamira safi mwaka 1883, na mwaka huo huo Johan Kjeldahl akatoa njia yake ya kupima naitrojeni katika chakula, ambayo ingali ikitumika. Kjeldahl alifariki mwaka 1900, na Sørensen akashika mahali pake kama mkuu wa idara ya kemia.

Kazi yake huko ilikuwa juu ya protini na vimeng'enya. Kimeng'enya, kwa ajili ya wadogo zetu wa Kidato cha Kwanza, ni kitu kilichomo katika viumbe hai ambacho huharakisha badiliko la kemia, nacho chenyewe hakiishi. Hamira, mathalan, inacho kimeng'enya kinachokata sukari ya miwa vipande viwili, na tumbo letu lina pepsini inayokata nyama. Watu walijua kwamba vimeng'enya hupenda uchachu wa kiasi fulani. Ukizidi, hulala, ukipungua, hulala vilevile. Lakini kila mtafiti alipata jibu lake. Mmoja alisema asidi nyingi yafaa, mwingine asidi kidogo, na wote walikuwa wamepima kwa uangalifu.

Sørensen akaona kwamba wote walikuwa wanapima kitu kisichohusika. Hapa naomba msomaji asikimbie, kwa sababu ndiyo roho ya habari yenyewe.

Chukua chupa mbili. Ya kwanza ina asidi ya haidrokloriki, ya pili asidi ya siki, zote za moli 0.1 katika lita. Chota mililita 25 za kila moja kwa pipeti, uzisawazishe kwa haidroksidi ya sodiamu ya moli 0.1. Bureti itakuambia mililita 25 kwa hii, na mililita 25 kwa ile. Kwa bureti, asidi hizi ni sawasawa. Lakini zionje kwa karatasi ya rangi, utaona zapishana sana. Asidi ya haidrokloriki hujigawa yote, kwa hiyo ioni za haidrojeni ni moli 0.1 kwa lita. Asidi ya siki hujigawa kidogo mno. Kigezo chake cha kujigawa ni 1.8 × 10⁻⁵. Ukizidisha kwa 0.1 na kutafuta kipeuo cha pili, wapata moli 0.00134 tu. Yaani ile ya kwanza ina ioni huru mara 75 kuliko ya pili. Zilizobaki katika siki zimejificha, zikingoja. Kila alkali inapokula ioni moja huru, asidi hutoa nyingine kutoka ghalani, ndiyo maana bureti huhesabu zote.

Kimeng'enya hakijui habari za ghala. Chenyewe huguswa na ioni zilizo huru wakati ule. Basi Sørensen akasema ni hizo za kupimwa.

Kuzipima hakukuwa kazi ndogo. Alitumia njia mbili. Ya kwanza ni elektrodi ya haidrojeni: waya wa platinamu unaotiwa katika maji hayo huku gesi ya haidrojeni ikipitishwa, kisha unasoma umeme. Njia hii ni sahihi lakini ya polepole na yenye kuudhi. Ya pili ni ya rangi. Alitayarisha maji maalumu yasiyobadilika uchachu upesi, yaitwayo bafa, kwa kutumia fosfeti, sitreti, boreti na glisini, akayapima yote kwa umeme. Halafu mtu yeyote aliweza kutia kionyeshi rangi katika maji yake na kulinganisha na chupa hizo. Kwa njia hiyo hata maabara maskini isiyo na platinamu iliweza kupima. Shule yetu hufanya hivyo hata leo.

Taabu iliyobaki ilikuwa ya namba zenyewe. Maji safi yana moli 0.0000001 za ioni za haidrojeni kwa lita. Tumbo lina kama 0.01. Kuchora jambo hilo katika karatasi moja hakuwezekani. Ama sehemu moja ijae ukurasa, ama nyingine ipotee. Lakini Sørensen alijua pia kwamba umeme wa elektrodi yake hauongezeki kwa wingi wa ioni, bali huruka hatua iliyo sawa, karibu volti 0.058, kila ioni zinapozidishwa au kugawanywa kwa kumi. Yaani chombo chenyewe kilikuwa kikihesabu kwa logi. Basi katika makala yake ndefu ya mwaka 1909, iliyotolewa kwa Kidenmaki, Kijerumani na Kifaransa, aliandika kwa maneno machache tu kwamba wingi wa ioni utaandikwa kama kumi yenye kipeo cha hasi, na namba ya kipeo hicho, bila alama ya hasi, aliita p yenye H ndogo chini yake. Sisi leo twaandika pH.

Hiyo p ina maana gani? Watu wamebishana juu yake muda mrefu. Wengine husema ni ya neno la kipeo, kwa kuwa katika lugha zote tatu neno hilo huanza na p. Wengine wamesoma makala yake upya wakasema ilikuwa herufi tu ya chombo kimoja, kama q ilivyokuwa ya chombo cha pili. Sørensen hakueleza. Mimi naona alikuwa na haraka ya kufika kwenye vimeng'enya vyake.

Tufanye hesabu chache, maana katika mtihani wa muhula uliopita nusu ya darasa letu ilianguka hapa, nami nikiwamo. Asidi ya haidrokloriki ya moli 0.05: logi ya 0.05 ni hasi 1.30, kwa hiyo pH ni 1.30. Haidroksidi ya sodiamu ya moli 0.02: hapa ioni za haidrojeni hupatikana kwa kugawanya 10⁻¹⁴ kwa 0.02, nazo ni 5 × 10⁻¹³, na pH ni 12.30. Hizo ni nyepesi. Mtego ni huu: changanya lita moja ya pH 2 na lita moja ya pH 4. Mimi niliandika 3, nikapigiwa mstari mwekundu. Huwezi kupatanisha logi kama unavyopatanisha umri wa watu. Rudi kwenye ioni: 0.01 na 0.0001, jumla gawanya kwa lita mbili, ni 0.00505, na pH yake ni 2.30. Mtego wa pili ni asidi ya haidrokloriki ya moli 10⁻⁸. Wako watakaoandika pH 8, kana kwamba asidi ukiizimua sana hugeuka alkali! Wamesahau ioni za maji yenyewe. Ukizihesabu pamoja jumla ni 1.05 × 10⁻⁷, na pH ni 6.98, chini kidogo ya saba.

Turudi kwa bwana wetu. Kwa kipimo kipya alionyesha kwamba ukichora kazi ya kimeng'enya juu ya pH, wapata mlima wenye kilele kimoja. Kile cha hamira kina kilele karibu na 4.5, pepsini karibu na 2. Ugomvi wa watafiti ukaisha. Leonor Michaelis wa Ujerumani aliupokea mtindo huo, akaandika kitabu kizima juu yake mwaka 1914, na madaktari wa damu, wapimaji wa udongo na wasafishaji wa maji wakafuata. Hakuna aliyelipa hata senti, maana amri ya Jacobsen ilikuwa ingali ikifuatwa.

Sørensen hakulala juu ya sifa. Mkewe, Margrethe Høyrup Sørensen, alifanya kazi pamoja naye maabarani, wakichunguza protini za yai na damu. Alishauri pia viwanda vya Denmaki vya pombe kali, hamira na baruti. Na mwaka 1924, pamoja na kijana aitwaye Kaj Linderstrøm-Lang, alikubali kwamba maelezo yake ya 1909 yalikuwa na kasoro: elektrodi haipimi idadi ya ioni kamili, bali nguvu yao ya kutenda, kwa sababu ioni zikiwa nyingi huzuiana. Akasahihisha. Kwa maji mepesi ya darasani tofauti si kubwa, lakini yeye hakutaka kuiacha. Mtu mwenye jina Ulaya nzima, na kipimo chake kimekwisha kuenea, arudi kusema nilikosea kidogo! Mimi nilikuwa nimeshindwa kumwambia baba mmoja tu.

Chombo chenye kusoma pH kwa upesi hakikutoka mikononi mwake. Elektrodi ya kioo iliundwa Ujerumani mwaka ule ule wa 1909 na Fritz Haber na Zygmunt Klemensiewicz, na mwaka 1934 Arnold Beckman wa Marekani akaiunganisha na kikuza umeme, kwa sababu rafiki yake alitaka kupima uchachu wa maji ya limau huko California. Sørensen alistaafu mwaka 1938, Linderstrøm-Lang akashika nafasi yake, naye akafariki tarehe 12 Februari, 1939, akiwa na miaka 71. Tuzo ya Nobel hakuipata.

Baada ya kusoma habari hizi nilidhani nimekwisha kuelewa shamba letu. Hatua moja ya pH ni mara kumi, basi chokaa iliyohitajika ni mara kumi ya ile tuliyonunua, magunia 20. Nikamwonyesha mwalimu barua niliyotaka kumpelekea baba. Akaniambia nihesabu kwanza, nisiandike kwa kuruka.

Nikahesabu. Ekari moja kwa kina cha sentimita 20 ni kama mita za ujazo 800 za udongo. Tuseme robo yake ni maji, lita 200,000. Kwa pH 4.8 ioni huru ni moli 0.0000158 kwa lita. Kwa maji yote hayo ni moli 3.2 hivi. Moli moja ya chokaa ya kaboneti, gramu 100, humaliza moli mbili za ioni. Jibu: gramu 160. Konzi chache za chokaa kwa ekari nzima! Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu.

Sikukosea hesabu. Nilikuwa nimerudia kosa la wale waliomtangulia Sørensen, ila mimi nimelipindua. Wao walipima ghala wakati walipotaka ioni huru. Mimi nilipima ioni huru wakati nilipotaka ghala. Mahindi, kama kimeng'enya, huguswa na kilichomo majini, na hapo pH ndiyo yenye kusema. Lakini chokaa hupigana na asidi yote, hata ile iliyoshikwa na udongo wa mfinyanzi na madini ya alumini, inayotoka ghalani kila unapodhani umeimaliza. Udongo ni bafa. Kwa hiyo pH peke yake haiwezi kutaja idadi ya magunia, na ile mara kumi yangu ilikuwa bado ni kubahatisha.

Barua niliichana, nikaandika nyingine. Nilimwambia baba kwamba mwaka ule nilimdanganya bila kukusudia, na kwamba amwombe bwana shamba kipimo cha pili, cha kiasi cha chokaa, ambacho hufanywa kwa kutia udongo katika bafa na kuona umeishusha kiasi gani. Majibu yalirudi mwezi Agosti. Shamba letu ni magunia 26 kwa ekari. Jirani yetu, mwenye udongo wa kichanga na pH ile ile ya 4.8, ameambiwa 11.

Baba hana fedha za magunia 26 kwa mara moja. Amenunua 13, ameyamwaga na kuyachanganya na udongo mwezi Septemba, na mengine atayatia mwakani. Hajasema neno juu ya barua yangu, ila ameniagiza niombe karatasi za rangi kwa mwalimu nije nazo likizoni. Kwetu mvua za kwanza hunyesha Novemba. Nitapima upande uliotiwa chokaa, na upande wa mtaroni ambao haukutiwa, nami nitaandika namba zote mbili.